Upweke wa mtumishi

SWALI: Mimi ni mwinjilisti. Nimehamishiwa mtaa wa mbali ambako sina mwenzangu wa huduma. Nifanyeje upweke huu usinimalize kiroho?

JIBU: Upweke peke yake haumtakasi mtu. Wengine huishia kuwa na uchungu tu. Lakini mtazame Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, aliyekamatwa Aprili 1943 na kufungwa gereza la Tegel, Berlin. Katika shairi aliloandika humo mwaka 1944, alikiri kwamba watu walimwona mtulivu, kumbe ndani anahangaika. Nadhani badiliko la moyo huanzia hapo: mimbari ikiondolewa, kiongozi hukutana na nafsi yake bila joho. Hata hivyo Bonhoeffer alishika utaratibu: Zaburi, barua kwa rafiki yake Eberhard Bethge, na kuwatia moyo wafungwa wenzake wakati wa mashambulizi ya mabomu.

Nawe soma Zaburi kwa sauti, na zile za manung'uniko usiziruke. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli (taarifa ya mwezi kwa jimbo haihesabiki!). Watembelee wagonjwa. Na usingizi ukikukimbia wiki nzima, pamoja na kuomba, nenda hospitali.