SOMO LA FAMILIA: MARAFIKI WA VIJANA WETU NA MOYO WA KUGAWANA
Tusome: 1 Wafalme 12:1-20, 1 Samweli 30:9-25



Wazazi wengi hudhani kijana anajifunza haki nyumbani tu. Tunamfundisha kugawana ugali na mdogo wake, naye anagawana. Lakini akifika bombani na wenzake, madumu ya marafiki yanapita mbele, na dumu la mtoto wa familia iliyofika majuzi linasukumwa nyuma. Kijana huyo hajioni mwizi. Anajiona rafiki mwema. Urafiki umemfundisha kugawana, na umemfundisha pia nani asigawiwe.

Tumtazame Rehoboamu. Watu walimwomba awapunguzie mzigo. Wazee wakamshauri akubali, lakini wale aliokua nao wakamwambia auongeze. Akawasikiliza wenzake, na makabila kumi yakamwacha. (Tena alikuwa na miaka 41! Basi tusishangae wa miaka 14 akiyumbishwa.)

Daudi alikuwa na watu 600. Kati yao 200 walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori pamoja na mizigo. Baadhi ya waliokwenda vitani walipokataa kuwagawia nyara, Daudi aliamua wote wapate sawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli. Angalieni vizuri: waliokataa hawakuwa adui, walikuwa wenzake. Aliwaita ndugu, na papo hapo akawakatalia.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliwatazama watoto wakicheza gololi, na katika kitabu chake cha mwaka 1932 akasema kwamba haki mtoto huijifunza zaidi kwa kupatana na wenzake kuliko kwa kuamriwa na wakubwa. Kwa hiyo kumkataza kijana marafiki hakutoshi, wala sisi hatuupendi ushauri huo. Afadhali marafiki hao tuwajue, waje wale kwetu hata chakula kikiwa kidogo, na kijana awe na rafiki mmoja wa lugha nyingine. Kwaya na timu ya mpira husaidia, mradi watu wasichaguliwe kwa kabila.

Maswali ya kujadili nyumbani:
Kijana akiona dumu la rafiki yake linaruka foleni, aseme nini bila kuuvunja urafiki?
Na sisi wazazi, siku ya mgao, huwa tunamshikia nani nafasi?