Zinji si babu yetu

Ile picha ya sokwe anayeinuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu tumeikariri tangu kidato cha kwanza, na sisi wa ualimu tunajiandaa kwenda kuichora tena ubaoni. Hebu kwanza tuyaangalie mafuvu yenyewe.

Tarehe 17 Julai 1959, pale Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus, la miaka kama milioni 1.75. Ubongo huoza, kwa hiyo kinachopimwa ni nafasi iliyobaki ndani ya fuvu. Wataalamu wa zamani walijaza mbegu ndogo, kisha wakazimimina kwenye chombo cha kupimia. Huku Mtwara zoezi hilo halihitaji maabara. Chukua vifuu viwili vya nazi moja iliyokwisha kukunwa, vibandike, toboa jicho, jaza mtama, halafu umimine kwenye jagi lenye alama. Zinji alikuwa na mililita 500 na kidogo, yaani ile chupa ndogo ya maji ya dukani. Wastani wetu ni kama 1,350.

Sasa vunja kifuu, ficha vipande kadhaa, waambie wanafunzi wakisie ujazo. Kila kikundi kitakuja na jibu lake, na hapo ndipo utamu ulipo, maana ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1960, hapo hapo Olduvai, yalipatikana taya na vipande vya fuvu la mtoto. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakampa jina Homo habilis. Ubongo wake ulikadiriwa 680 hivi. Tatizo, Arthur Keith alishaweka mpaka: chini ya 750 huingii kwenye jenasi yetu. Hao watatu wakaushusha mpaka hadi 600! Wenzao wengi walilalamika, na kwa kweli siwalaumu. Mwaka 2015 mifupa ile ile ikaundwa upya kwa kompyuta, kadirio likapanda kupita 700.

Na hawa wawili waliishi zama moja, eneo moja. Zinji alikuwa na magego makubwa ajabu na ukingo wa mfupa utosini, mahali pa kushikia misuli ya kutafuna. Ukoo wake uliishia njiani. Ni binamu yetu tu, na kwenye ile foleni ya ubaoni hana pa kusimama. Kipindi changu cha kwanza nitaingia na vifuu na mtama.