Kabla Hujamtumia Dizaina Pesa: Jinsi ya Kumpata Anayeifaa Biashara Yako

Tuchukue mfano. Mama mmoja hapa Suna anakaanga njugu, anazisaga, kisha anauza siagi ya njugu karibu na steji ya Migori. Wanaomjua wanarudi kila wiki. Sasa supamaketi moja mjini imemwambia iko tayari kupokea bidhaa yake, ila kila mkebe lazima uwe na lebo. Ameweka kando KSh 12,000. Kwenye simu ana namba tatu za madizaina: mmoja ni kijana wa hapo mjini, mwingine alimwona Facebook, na wa tatu yuko Nairobi. Wote wanasema, "Tuma dipositi tuanze."

Pesa hiyo ikipotea, hatakuwa na lebo wala pesa ya kununua gunia linalofuata. Kwa hivyo leo tunajifunza jinsi ya kumchagua dizaina, na jinsi ya kumlipa bila nyinyi wawili kuumizana.

1. Jua kazi kabla ya kumtafuta fundi

Wengi wetu huanza kwa kusema, "Nataka logo." Lakini logo ni sehemu tu ya kazi. Chukua daftari uandike mahali pote jina la biashara yako litakapoonekana: lebo, bango la duka, mfuko, aproni, picha ya WhatsApp, na ile stika ya namba ya till.

Kama unauza chakula cha kufungashwa, lebo ina mambo yasiyoachwa: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi. Mwambie dizaina mapema ili aache nafasi. Pia, alama ya ubora ya KEBS haiwekwi kwa sababu inapendeza. Inawekwa baada ya kupewa kibali. Dizaina akikwambia "tuiweke tu, hakuna atakayeuliza," huyo anakutafutia kesi.

2. Angalia kazi iliyokwisha kutumika

Picha nzuri kwenye simu haitoshi. Mwulize dizaina akuonyeshe kazi tatu ambazo biashara zinazitumia sasa hivi, halafu uzitafute. Kama ni bango lililo barabara kuu ya kwenda Isebania, pita ulitazame ukiwa ng'ambo ya barabara. Je, jina linasomeka? Ingia umsalimie mwenye duka umwulize maswali mawili: kazi iliisha kwa wakati? Ulipewa faili zako?

Usimdharau fundi anayechora mabango kwa brashi mjini. Anajua rangi gani inapauka na jua na herufi gani inasomeka kutoka mbali. Lakini kuchora bango ni kazi moja na kupanga lebo ndogo ya kuchapishwa ni nyingine. Mwulize kama amewahi kuifanya.

3. Dizaina mzuri hukuuliza maswali

Hiki ndicho kipimo chetu kikubwa. Anayefaa atataka kujua: wateja wako ni kina nani? Wananunua kwa bei gani? Bidhaa itakaa kwenye rafu gani, karibu na nini? Hapa kwetu atauliza pia lugha. Mteja wa Migori anaweza kuwa Mjaluo, Mkuria, Msuba au msafiri anayeelekea Tanzania, na jina lenye utani mtamu kwa Kiluo linaweza kumwacha mwingine akijiuliza unauza nini.

Asiyeuliza chochote na kukuletea nembo baada ya saa moja, huenda amechukua kiolezo cha mtandaoni akabadilisha jina tu. Kesho duka la Rongo linaweza kutokea na nembo hiyo hiyo, na hutakuwa na la kusema.

Omba pia kuona nembo ikiwa nyeusi na nyeupe, na ikiwa ndogo kama kifuniko cha soda. Ikiendelea kutambulika, ni imara. Ikigeuka doa, bado.

4. Chunguza jina kabla ya kulipia mchoro

Nembo nzuri kwenye jina la mtu mwingine ni hasara. Tafuta jina lako kwenye huduma za usajili wa biashara kupitia eCitizen. Lakini kusajili jina la biashara si sawa na kulilinda kama alama ya biashara. Ulinzi huo hutolewa na KIPI, taasisi ya haki miliki za viwanda. Alama ikikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa.

Fahamu hili pia: maneno yanayotaja tu bidhaa, sifa yake au mahali inapotoka ni magumu kuyamiliki. "Njugu Tamu za Migori" inaeleza vizuri, lakini jirani yako naye ana njugu tamu, naye yuko Migori. Dizaina anayejua kazi atakushauri utafute neno la kipekee, kisha hayo mengine yakae chini yake kwa herufi ndogo.

5. Lipa kwa hatua

Dipositi si wizi. Dizaina naye ana umeme wa kulipa, na kuna wateja wanaopotea kazi ikiisha. Kosa ni kutuma zote mwanzoni, au kutuma bila kujua unalipia nini. Kwa KSh 12,000 za mama yetu, mpango unaweza kuwa hivi:

- KSh 4,000 za kuanza, baada ya kukubaliana kwa maandishi: kazi gani, michoro mingapi, marekebisho mangapi, tarehe gani.
- KSh 4,000 baada ya kuona michoro na kuchagua mmoja.
- KSh 4,000 baada ya kupokea faili zote na kuhakikisha zinafunguka.

Makubaliano ya WhatsApp ni bora kuliko ya mdomo. Andika yote kwenye ujumbe mmoja, naye ajibu "Nimekubali."

Unapotuma, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha muamala. Kama mlikubaliana na mtu mmoja na skrini inaonyesha mwingine, simama, mpigie. Akiwa na namba ya till yenye jina la biashara yake, itumie. Usifute ujumbe wa kuthibitisha malipo, na kila hatua iandike daftarini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuwe wazi hapa, kwa sababu wateja hutuuliza sana. Kurudishiwa pesa iliyokwenda namba isiyo sahihi ni jambo moja. Toa taarifa mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Lakini ukimlipa mtu uliyemkusudia kisha kazi isikupendeze, hilo si kosa la muamala. Ni mgogoro kati yenu, na silaha yako ni yale maandishi. Ndiyo maana tunasisitiza hatua.

6. Pokea kazi yako yote

Usikubali picha moja ya WhatsApp. Omba faili za vekta, kama SVG au PDF, ambazo huweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika. Omba PNG isiyo na rangi ya nyuma, namba za rangi zako, na majina ya fonti. Bila hivi, kila ukitaka kuchapisha utamrudia yule yule, na akibadilisha namba ya simu utaanza upya.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagiza huhesabiwa kuwa imehamia kwako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hata hivyo iandike: "Baada ya malipo ya mwisho, nembo ni mali ya mteja." Sentensi moja inaondoa kelele nyingi.

7. Jaribu till kabla ya kuchapisha

Watu wengi husahau hapa. Kabla ya kuchapisha stika, chukua mchoro wa mwisho, soma namba ya till iliyoandikwa pale, na ulipe shilingi 10. Pesa imeingia kwako? Tarakimu moja ikikosewa, wateja wako watakuwa wakimlipa mtu mwingine.

Tazama pia jina lililotokea. Kama bango linasema jambo moja na skrini inasema lingine, mteja mgeni atasita, na yuko sahihi kusita, maana ndivyo tulivyomfundisha. Omba jina la till lirekebishwe lifanane na chapa yako. Na ukitaka kuweka nembo ya kampuni ya malipo kwenye stika, tumia ile iliyotolewa na kampuni yenyewe. Dizaina asiichore upya.

Zoezi la wiki hii

Huhitaji kumlipa mtu yeyote bado. Andika orodha ya mahali jina lako litaonekana. Tafuta kazi tatu mjini zinazokuvutia na uulize nani alizifanya. Kisha lipa shilingi 10 kwenye till yako mwenyewe uone jina gani linatokea.

Mama wa njugu akifanya haya, ataingia supamaketi na mkebe wenye lebo iliyo yake. Na hata mambo yakiharibika njiani, hatakuwa amepoteza KSh 12,000 zote. Gunia linalofuata bado litanunuliwa.