Unataka kuasili mtoto? Mpeleke kwa daktari kwanza

Je, msomaji, wewe na mwenzio mmeamua kuasili mtoto? Kwa miaka mingi watoto wa Kenya walichukuliwa pia na wazazi kutoka ng'ambo. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha jambo hilo kwa hofu ya biashara ya watoto, na mwaka wa 2019 likakaza uamuzi huo. Tangu hapo, mtoto aliye katika makao ya Eldoret humtegemea zaidi mzazi wa humu humu nchini. Mambo ya korti tuwaachie mawakili. Sisi tuangalie afya.

Jambo linalowavunja watu moyo ni kipimo cha Ukimwi. Mtoto wa miezi mitatu anapimwa, majibu yanaonyesha ana virusi, na waliotaka kumchukua wanatoroka. Hapa ni lazima uelewe. Kipimo cha kawaida hakitafuti virusi, hutafuta chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Mama mwenye virusi humpitishia mtoto chembe hizo akiwa tumboni, nazo zaweza kukaa katika damu yake hadi miezi 18. Kwa hivyo majibu hayo yanakueleza habari za mama, si lazima ya mtoto! Omba kipimo kinachosaka virusi vyenyewe, ambacho hufanywa tangu wiki ya sita, kisha kirudiwe kama daktari atakavyoagiza. Hata akipatikana navyo, dawa zipo na watoto wanaozimeza vizuri hukua na kwenda shule kama wenzao.

Pia mwombe daktari wa watoto, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, amchunguze kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, minyoo na upungufu wa damu. Usisahau selimundu, ugonjwa wa kurithi ulioenea magharibi mwa nchi, kwa sababu huenda hujui ukoo wake. Kama kadi ya kliniki haipo, tazama kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi. Chanjo nyingine zaweza kuanzishwa upya.

Umri nao una uzito. Utawala wa Ceauşescu ulipoanguka nchini Romania mwaka wa 1989, watoto wengi waliodhoofika katika makao ya huko walichukuliwa na wazazi wa nchi nyingine. Wataalamu wa Uingereza waliwafuatilia 165 kati yao hadi utu uzima. Walioondoka kwenye makao kabla ya miezi sita wengi wao waliwafikia wenzao. Waliokaa zaidi walipata shida mara nyingi zaidi, hasa ya utulivu na ya kuchangamana na watu, ingawa wapo waliopona kabisa.

Basi ukimchukua mkubwa kidogo, usishangae akificha ugali chini ya mto, au akimkimbilia kila mgeni kana kwamba ni mamake. Usimchape. Mpe chakula kwa saa zile zile, na miezi ya kwanza abebwe, alishwe na kulazwa na nyinyi wawili, si yaya wala majirani. Akipita miezi kadhaa bila kuongeza uzito au maneno, mrudishe kwa daktari.