Kushoto na Kulia katika Siasa



Majuma machache yaliyopita, ibada ilipokwisha, tuliwasikia watu wawili wakibishana nje ya kanisa. Mzee mmoja alisema kwamba zahanati zote zingepaswa kutibu watu bure kwa fedha za serikali. Kijana mmoja aliyesoma ng'ambo akamjibu, "Babu, hayo ni maneno ya mrengo wa kushoto kabisa." Mzee akaumia moyo, maana alidhani amewekwa pamoja na wale mbuzi wa Mathayo sura ya 25. Tangu siku hiyo, wakati wa kupeana amani, wawili hawa hukwepana. Sisi tuliofundisha uraia miaka mingi tumeona si vema kunyamaza.

Tuanze na lugha. Mkono wa kulia tunauita hivyo kwa kuwa ndio wa kulia chakula, na mtoto akipokea kitu kwa kushoto hukemewa. Kwa hiyo neno kushoto lina aibu masikioni mwetu hata kabla ya siasa. Lakini maneno haya ya siasa hayakutoka mezani. Yalitoka Ufaransa mwaka 1789, bunge lilipojadili kama mfalme awe na uwezo wa kuzuia sheria. Waliotaka awe nao walikaa kuume kwa mwenyekiti, waliokataa wakakaa kushoto. Hapakuwa na habari ya zahanati wala ya benki.

Desturi hiyo ilienea, na kila nchi ikapanga viti vyake. Tazameni Denmark. Huko kipo chama kiitwacho Venstre, maana yake Kushoto. Kilianza mwaka 1870, kikiwa na wakulima wengi waliopingana na serikali ya mfalme na wenye mashamba makubwa. Mwaka 1901 mfalme akakubali chama hicho kiunde serikali. Baadaye wasoshalisti walipata nguvu, wakakaa upande wa kushoto zaidi, na Venstre ikajikuta upande wa pili bila kubadili jina. Leo Mdenmark anayetaka kodi ipungue aweza kupigia kura chama cha Kushoto, na jirani zake wakamwita mtu wa kulia!

Neno liberali nalo lina vituko vyake. Huko Marekani mtu akiitwa hivyo huhesabiwa wa kushoto. Australia, chama cha Liberali alichokiasisi Robert Menzies mwaka 1944 ndicho chama kikubwa cha kulia.

Wala tusiwacheke wageni. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa waraka wa usoshalisti wa Kiafrika, nao ulilinda mali ya watu binafsi na kukaribisha mitaji ya nje. Miaka miwili baadaye Tanzania, kwa Azimio la Arusha, ilitwaa mabenki na viwanda vikubwa. Nchi zote mbili zilijiita za kisoshalisti. Tena, zamani za chama kimoja hapa Tanzania, hali ya Ufaransa ilikuwa imegeuka: aliyetetea serikali iliyopo ndiye aliyetetea siasa za kushoto.

Sasa turudi kwenye zahanati. Uingereza ilianza matibabu ya bure kwa wote mwaka 1948 chini ya serikali ya chama cha Leba. Wahafidhina, ambao ni chama cha kulia, wametawala miaka mingi tangu hapo, hata chini ya Margaret Thatcher, na mpango huo haukufutwa. Mtu wa kulia huko London akiutetea, hakuna atakayeshangaa. Lakini Marekani, sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010, ambayo haikuleta matibabu ya bure kwa wote bali ilipanua bima, wapinzani wake waliiita usoshalisti. Basi mzee wetu, kwa maneno yale yale, angekuwa mtu wa kawaida katika nchi moja na wa kushoto sana katika nyingine. Kijana alisoma nchi gani? Hatukumwuliza, na tulipaswa kumwuliza kwanza.

Tulimpelekea mzee maelezo haya nyumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kijana alikuwa na hoja gani juu ya zahanati, kwa kuwa yeye hakuisikia. Nasi pia hatukuisikia.