WENGI WAPE? SI KATIKA MAABARA!

Mwaka huu nawaletea somo la Kemia, ili wale wanaodai ati Kiswahili hakiwezi sayansi wajionee wenyewe.

Wahenga walinena, wengi wape. Katika taitresheni methali hii tunaifuata sana. Tukipata 24.0, 24.1 na 23.9 tunashangilia. Hazijaachana zaidi ya 0.2, basi tunatafuta wastani na alama tunapewa. Lakini nawauliza: vipimo vitatu vikikubaliana, ndiyo kusema ni vya kweli? Hasha!

Hitilafu ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kubahatisha: mara jicho limesoma juu kidogo, mara chini kidogo. Dawa yake ni kurudia na kutafuta wastani. Ya pili huegemea upande mmoja tu. Mizani ya duka ikizidisha gramu 50, pima unga mara moja au mara kumi, kila mara utapunjwa gramu zile zile 50. Hapo kurudia hakusaidii. Dawa ni kuilinganisha mizani na jiwe ambalo uzito wake unajulikana kwa hakika.

Sasa turudi maabarani. Sodiamu haidroksaidi hufyonza unyevu na kaboni dayoksaidi kutoka hewani. Ukipima gramu 4.0 na kuyeyusha hadi lita moja, utaandika 0.1 M kwenye chupa, kumbe sehemu ya uzito ule ilikuwa maji! "Jiwe" letu hapa ni asidi ya oksaliki, ambayo fuwele zake safi hazibadiliki ovyo. Gramu 6.30 katika lita moja hutupa 0.05 M.

Chukua kwa pipeti cm³ 25.0 za sodiamu haidroksaidi, tia matone mawili ya fenolfthaleni, kisha tonesha asidi kutoka kwa bureti mpaka rangi ya waridi itoweke. Moli moja ya asidi hii humaliza moli mbili za sodiamu haidroksaidi. Kwa hivyo kama chupa inasema kweli, tutahitaji cm³ 25.0. Lakini tuseme wastani wetu ni ule ule 24.0:

0.05 × 24.0 × 2 ÷ 25.0 = 0.096 M

Mnaona? Anayeiamini chupa hiyo atazidisha kila jibu kwa takribani asilimia 4, hata mkono wake uwe thabiti namna gani.

Msidhani haya ni ya mtihani tu. Maji ya visima vingi katika Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inayogeuza meno kuwa ya kahawia na hata kudhuru mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme kisima kina 1.8, na mita inapunguza kwa asilimia 20. Itasoma 1.44. Watapima mara ishirini, wapate 1.44 mara ishirini, na watoto waambiwe wanywe!

Kwa hivyo, wenzangu, kabla ya kuuliza "Je, vipimo vyangu vinakubaliana?" tuulize kwanza, "Vimelinganishwa na nini?"

ZOEZI: Wastani wa asidi ungekuwa cm³ 24.5, sodiamu haidroksaidi ingekuwa na molari ngapi? (Jibu: 0.098 M.)