Somo: Kitabu Adimu ni Kipi, na Vyetu Viko Wapi?



Somo letu la mara hii ni juu ya vitabu vya zamani na kazi ya kupiga chapa. Baadhi ya ndugu watauliza: mkata miwa au mfunga tumbaku ana shughuli gani na vitabu vya zamani? Hayo si mambo ya maprofesa wa Makerere? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini tuanze na kazi yenyewe, maana kitabu, kabla hakijawa elimu, ni bidhaa iliyotengenezwa kwa mikono ya watu.

Watu wa China walipiga chapa kwa vibao vya mbao karne nyingi kabla ya Ulaya. Wakorea nao walitumia herufi za madini: kitabu chao kimoja cha mwaka 1377 kipo mpaka leo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, mjini Paris. Kisha, mnamo mwaka 1450 hivi, fundi aitwaye Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, alipata njia ya kutengeneza herufi nyingi kwa haraka, zote za kimo kimoja. Aliyeyusha risasi, bati na antimoni, akamimina katika kalibu, herufi moja baada ya nyingine. Mtambo wake wa kukandamiza karatasi ulifanana na ule uliotumiwa na wakulima wa zabibu kukamulia divai.

Mpangaji wa herufi alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vidogo. Aliokota herufi moja moja, akazipanga kinyume, kama maandishi yanavyoonekana katika kioo. Ukurasa ukijaa, ulifungwa kwa nguvu ndani ya fremu, ukapakwa wino, ukawekewa karatasi, ukakandamizwa. Baada ya hapo herufi zilifunguliwa, zikarudishwa kila moja chumbani kwake, na kazi ikaanza upya. Kazi hiyo iliendeshwa hivyo kwa miaka mia tano, hata katika viwanda vya chapa vya Kampala na Nairobi. Ile risasi iliwadhuru wafanyakazi wengi. Katika viwanda vingi waliambiwa wanywe maziwa ili kuondoa sumu, lakini maziwa hayaondoi risasi mwilini. Kinachosaidia ni kunawa mikono kabla ya kula, na hewa safi mahali pa kazi.

Katika Afrika ya Mashariki, mtambo wa kupigia chapa ulifanya kazi Unguja tangu miaka ya 1860. Wamisioni wa Kiingereza walifika kisiwani mwaka 1864, na mmoja wao, Edward Steere, aliwafundisha kazi ya chapa vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Yaani miongoni mwa wapiga chapa wetu wa mwanzo walikuwamo watu ambao wenyewe walikwisha kuuzwa kama bidhaa. Baadaye Sultani Barghash naye alianzisha kiwanda chake cha chapa kwa herufi za Kiarabu.

Uganda ilipata mtambo kwa mkono wa Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland, aliyefika Buganda mwaka 1878. Pale Natete alipiga chapa karatasi za alfabeti na za kusomea kwa Kiganda. Alifukuzwa Buganda mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, akafa huko mwaka 1890. Karatasi zile za kusomea zilikuwa nyepesi, zikapita mkono kwa mkono mpaka zikachakaa.

Biblia ya Kiganda ilipokamilika mwaka 1896, ilitolewa toleo la umbo la ajabu: fupi, nene, kama tofali dogo. Sababu yake ni mchwa. Kitabu kilipimwa ili kiingie ndani ya kopo la bati la biskuti za Uingereza, na msomaji akakiweka humo kikawa salama. Mimi hupendezwa sana na habari hii. Mtu fulani alikaa akafikiri, si juu ya maneno tu, bali juu ya nyumba ya udongo atakamoishi msomaji.

Sasa tuangalie kwetu. Wakati Biblia ile inapigwa chapa, Arua haikuwa mji. Nchi hii ya magharibi ya Nile ilikuwa katika eneo la Lado, nayo ilikaa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 ikaingizwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yetu ikaunganishwa na Uganda. Ndipo boma la Arua lilipoanzishwa. Misioni ya Africa Inland ilifika Arua mwaka 1918. Agano Jipya kwa Kilugbara lilitoka katika miaka ya 1930, na Biblia nzima mwaka 1966, yaani miaka sabini baada ya ile ya Kiganda.

Sababu ya kuchelewa haikuwa uvivu wa watu wetu. Serikali ya ukoloni iliifanya West Nile kuwa ghala la vibarua. Vijana walichukuliwa kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, na kulima mashamba ya Buganda. Wazee wengi walikutana na karatasi kwa mara ya kwanza si darasani bali mbele ya karani wa mwajiri, pale walipotia dole gumba kwenye mkataba wasioweza kuusoma. Kwa hiyo maandishi ya kwanza juu ya watu wetu yaliandikwa na wengine, kwa faida ya wengine.

Hapa ndipo tunafika kwenye neno adimu. Watu hudhani kitabu adimu ni kitabu cha kale sana au cha bei kubwa. Si lazima. Gutenberg alipiga chapa nakala 180 hivi za Biblia yake kubwa, na leo zimebaki karibu 49, nyingine zikiwa na upungufu. Hiyo ni zaidi ya robo, baada ya miaka mia tano na vita vingi! Zimebaki kwa sababu zilikuwa kubwa na za gharama, zikawekwa katika makanisa na majumba ya wakubwa, wala hazikushikwashikwa ovyo. Lakini kitabu cha kusomea cha mtoto wa shule, kitabu cha nyimbo, tangazo la mgomo, kanuni za chama zilizokunjwa mfukoni, hivyo hufanya kazi kila siku mpaka vikatike. Vilipigwa chapa kwa maelfu, na leo ni vigumu kuona hata kimoja. Karatasi inayotumika sana ndiyo inayopotea kwanza.

Na karatasi yenyewe imekuwa dhaifu. Zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, nayo huishi mamia ya miaka. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda viligeukia mti uliosagwa, kwa kuwa ni rahisi. Karatasi ya namna hiyo ina asidi ndani yake, hugeuka rangi ya kahawia na kuvunjika kama jani kavu. Ndiyo maana kitabu cha mwaka 1455 chaweza kuwa cheupe na imara, na gazeti la 1955 likasagika vidoleni.

Juu ya hayo yote, kwetu kulipita vita. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980 mapigano yalipofika Koboko na Arua, watu walikimbilia Zaire, ambayo leo ni Kongo, na Sudan. Nyumba zilichomwa, maduka yakaporwa. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi kitabu cha nyimbo, wala katibu wa tawi habebi buku la mahudhurio. Wengi hawakurudi mpaka miaka kadhaa imepita, na mvua ilikuwa imekwisha kuingia penye mapaa yaliyobomoka. Kwa hiyo kitabu cha kusomea cha Kilugbara au cha Kikakwa cha kabla ya vita, ambacho hakuna tajiri wa Ulaya atakayekigombania mnadani, chaweza kuwa adimu kuliko Biblia ya Gutenberg. Zile 49 zimehesabiwa, na kila moja inajulikana iko wapi. Cha kwetu hakijahesabiwa na mtu.

Ndugu atasema: haya, vimepotea, tufanyeje? Tumtazame mtu mmoja wa Nairobi. Makhan Singh alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha chapa cha baba yake, na mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichokuja kuitwa Labour Trade Union of Kenya. Mgomo wao wa mwaka 1937 ulidumu zaidi ya siku sitini, ukaisha kwa nyongeza ya mshahara. Serikali ya ukoloni ilimweka kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961. Jambo linalotuhusu sisi ni kwamba mtu huyu, aliyefanya kazi katika wino, hakutupa karatasi. Alitunza matangazo, kumbukumbu za mikutano na barua. Mwaka 1969 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, na karatasi zake leo zipo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Bila karatasi hizo, habari ya mgomo ule ingebaki katika mafaili ya polisi peke yake, nayo polisi wanajulikana jinsi wanavyoandika juu ya wagomaji.

Na si historia tu. Matawi mengi yamekwisha kukutana na mzee anayedai haki yake ya miaka mingi ya kazi, akaambiwa lete ushahidi. Mwajiri ana kabati la mafaili. Mzee ana nini? Akiwa na bahati, ana tiketi ya mshahara aliyoiingiza ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo.

Jinsi ya kutunza si jambo geni kwa watu wa Arua, maana mnajua tumbaku. Jani likikauka mno huvunjika, likipata unyevu mwingi huota ukungu. Karatasi ni vivyo hivyo. Iweke mbali na jua na moshi wa jikoni, isiguse ukuta wala sakafu. Sanduku la bati ni zuri likiwa halina kutu, na lifunguliwe siku kavu mara kwa mara ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema. Usitie mafuta ya taa. Usibandike selotepu palipochanika, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Afadhali funga ndani ya karatasi nyingine safi. Pini za chuma zitolewe, zitatia kutu. Na uandike kwa penseli, wala si kwa kalamu ya wino, kitu hicho ni cha nani na cha mwaka gani.

Anayetaka kitu chake kiwe salama zaidi asikimbilie kukiuza kwa mgeni apitaye. Maktaba ya Makerere imepewa na sheria, tangu 1958, jukumu la kupokea vitabu vinavyotolewa Uganda, na Maktaba ya Taifa, iliyowekwa kwa sheria ya 2003, ilipewa jukumu kama hilo. Karatasi za zamani zaweza kuonyeshwa huko zinakiliwe, na mwenyewe akarudi na asili yake mkononi.

Maswali ya kujadiliana tawini: Katika tawi letu, karatasi ya zamani kuliko zote ni ipi, na iko kwa nani? Buku la mikutano likikamilika, hupelekwa wapi? Kila mwanachama aulize nyumbani kwa wazee kabla ya mkutano ujao, afungue sanduku pamoja nao kwa ruhusa yao, na katibu aandike orodha ya vilivyoonekana, nakala mbili, moja ibaki Arua na moja Koboko.